Kidhibiti Utelezi: Je, Hulipunguzia Gari la Chama Nguvu?

Somo kwa Kamati za Vyama, madereva na vikundi vya kujifunza

Katika vyama vya msingi vinavyokusanya maziwa, malalamiko ya namna moja husikika kila masika. Chama kimenunua gari dogo la mizigo, aghalabu lililokwisha kutumika Japani, ili lichukue maziwa ya wanachama na kuyafikisha kwenye tangi la kupozea. Wakati wa kiangazi gari husifiwa na kila mtu. Mvua zinapoanza, dereva huleta habari nyingine mbele ya Kamati: gari limekuwa zito, likikanyagwa mafuta halitoki, injini hujizuia yenyewe kana kwamba yupo mtu mwingine anayeendesha. Wakati huohuo taa ya manjano humulika kwenye dashibodi, yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda kama njia ya nyoka. Hapo ndipo shauri hutolewa kwamba aitwe fundi akate waya, ili gari lirudishiwe nguvu zake.

Shauri hilo si dogo. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri hayangoji. Yasipopozwa katika muda wa saa mbili au tatu huanza kuharibika, na yakikataliwa kwenye tangi, hasara ni ya mkulima aliyeamka usiku kukamua. Kwa upande mwingine, gari lililokatwa waya ovyo laweza kuteleza likaingia mtaroni, pamoja na dereva, mpokeaji maziwa na mali ya wanachama. Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, yapasa Kamati ielewe chombo hicho ni kitu gani, hufanya kazi namna gani, na ni wakati gani hasa ambapo huchelewesha gari.

1. Injini huzungusha, ardhi husukuma

Watu wengi hudhani kwamba mwendo wa gari hutoka kwenye injini peke yake. Sivyo. Injini huzungusha magurudumu tu. Gari husogea kwa sababu tairi huishika ardhi na kuisukuma nyuma, nayo ardhi hulisukuma gari mbele. Mkulima mwenye misuli imara, akivaa viatu vilivyokwisha soli na kusimama kwenye matope, hawezi kukimbia. Miguu yake itakwenda, lakini mwenyewe atabaki palepale. Nguvu anazo, kinachokosekana ni mshiko.

Mshiko huo una kipimo. Kwenye lami kavu, tairi nzuri huweza kusukuma kwa nguvu ya karibu sehemu 8 katika kila sehemu 10 za uzito ulio juu yake. Kwenye lami iliyolowa hupungua hata kufikia kama sehemu 5. Kwenye udongo uliogeuka matope yanayoteleza huweza kuwa sehemu 2 tu, na pengine chini ya hapo.

Mathalan, gari pamoja na mzigo wake lina uzito wa kilo 2,000, nalo husukumwa na magurudumu ya nyuma, ambayo yamebeba nusu ya uzito huo, yaani kilo 1,000. Kwenye lami kavu ardhi itakubali msukumo wa kilo 800. Kwenye matope itakubali kilo 200 tu. Hata injini iwe na nguvu namna gani, msukumo wowote unaozidi kiasi hicho hauligeuki gari kuwa na mwendo. Huishia kuzungusha tairi bure.

Kuongezeka kwa mwendo wa gari, ambako katika vitabu vya shule huitwa mchapuko, hufuata hesabu hiyohiyo. Kwa msukumo wa kilo 800, gari la kilo 2,000 laweza kuongeza mwendo wa karibu kilomita 14 kwa saa katika kila sekunde moja. Kwa msukumo wa kilo 200, laweza kuongeza kama kilomita tatu na nusu tu. Kwa hiyo gari ambalo kwenye lami kavu lingefikia mwendo wa kilomita 40 kwa saa katika sekunde 3, kwenye matope litahitaji sekunde 11 au 12, bila ya kuhesabu ule uzito wa matope yenyewe yanayolivuta nyuma. Tofauti hiyo haikuletwa na chombo chochote. Imeletwa na ardhi.

2. Gurudumu linapozunguka bure

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba tairi inayoteleza sana hushika kidogo kuliko tairi inayoteleza kidogo. Kwenye barabara ngumu, mshiko huwa mkubwa kabisa pale gurudumu linapozunguka kwa kasi inayozidi mwendo wa gari kwa sehemu 10 hadi 20 katika mia. Gari likienda kilomita 20 kwa saa, gurudumu lake la kusukuma hufanya kazi nzuri likizunguka kama kwamba gari linakwenda 22 au 24. Likizunguka kama kwamba gari linakwenda 40 au 60, mshiko hushuka, moshi na harufu ya mpira hutoka, na tairi huliwa.

Hasara nyingine ni kubwa zaidi. Tairi hutumia mshiko uleule mmoja kwa kazi mbili: kulisukuma gari mbele, na kulizuia lisiende ubavuni. Gurudumu la nyuma linapozunguka bure huwa halina mshiko wa kutosha kwa kazi ya pili. Ndipo mkia wa gari hutoka nje ya kona na kuelekea mtaroni.

Kuna pia jambo la difu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili, ili gari liweze kupinda kona bila kukwaruza tairi. Lakini usawa huo una ubaya wake. Gurudumu la kushoto likiwa kwenye matope na kuweza kupokea msukumo wa kilo 100 tu, la kulia nalo hupewa kilo 100, hata kama limesimama juu ya mwamba na lingeweza kupokea 400. Jumla huwa 200. Gari hukwama, gurudumu moja likizunguka kama cherehani na jingine likiwa limetulia.

3. Chombo chenyewe na asili yake

Kidhibiti utelezi kilibuniwa ili kuondoa hasara hizo. Jaribio la mwanzo lililouzwa kwa watu lilifanywa nchini Marekani mwaka 1971, wakati kampuni ya Buick ilipoweka katika magari yake chombo kilichoitwa MaxTrac, ambacho kilipunguza nguvu ya injini magurudumu ya nyuma yalipoteleza. Mwaka 1978 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta breki zisizofunga magurudumu, zijulikanazo kwa herufi ABS, katika magari ya Mercedes-Benz. Breki hizo zilihitaji vihisi vya kupima kasi ya magurudumu, na vihisi hivyo vikafungua njia ya kidhibiti utelezi cha kisasa. Mwaka 1987 Toyota nayo iliweka chombo cha namna hiyo katika gari lake la Crown.

Tangu hapo chombo hicho kimeenea. Marekani ilidai kila gari dogo jipya, kuanzia Septemba 2011, liwe na mtambo wa kulinda uthabiti wa gari, na nchi za Umoja wa Ulaya zilidai hivyo kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014. Mtambo huo kwa kawaida hubeba ndani yake kidhibiti utelezi. Ndiyo sababu magari yaliyotumika yanayonunuliwa na vyama leo mara nyingi huja nacho, hata kama muuzaji hakukitaja.

Utendaji wake ni huu. Kwenye kila gurudumu kuna kihisi kidogo, ambacho mafundi hukiita sensa. Kompyuta ya gari hulinganisha kasi za magurudumu mara nyingi katika kila sekunde. Ikiona kwamba gurudumu la kusukuma linazunguka kwa kasi inayozidi mno yale mengine, hufanya mojawapo ya mambo mawili, au yote mawili. Kwanza, hupunguza nguvu ya injini hata kama mguu wa dereva umekanyaga mafuta mpaka chini. Pili, hulifunga kidogo kwa breki lile gurudumu moja linaloteleza.

Tendo la pili ndilo ambalo wengi hawalijui. Katika mfano wa difu uliotajwa juu, breki ikilizuia gurudumu la kushoto kwa nguvu ya kilo 200, upande huo sasa unadai kilo 300: 100 za ardhi na 200 za breki. Kwa kuwa difu hugawa sawa, gurudumu la kulia nalo hupata 300, na zote zinaingia ardhini. Jumla ya msukumo ni 100 na 300, yaani 400. Gari lililokuwa na kilo 200 limepata maradufu. Hapo kidhibiti utelezi hakikuchukua nguvu ya gari, kimeiongeza. Hata dereva hodari mwenye mguu mwepesi hawezi kufanya kazi hiyo, maana hana pedeli ya breki kwa kila gurudumu.

4. Katika uendeshaji wa kila siku

Kwenye lami kavu. Dereva anayeondoka kwa utaratibu na kufikia kilomita 50 kwa saa katika sekunde 10 huhitaji msukumo wa kilo 280 hivi kwa gari la mfano wetu. Ardhi yaweza kupokea 800. Tairi haitelezi, na kwa hiyo kidhibiti utelezi hakifanyi lolote. Kukizima hapo hakuongezi mwendo hata kidogo. Dereva asemaye kwamba gari huwa jepesi kwenye lami kavu baada ya kukizima anasikiliza matumaini yake.

Kwenye lami iliyolowa. Mshiko ni kama kilo 500, nao bado unatosha kwa uondokaji wa kawaida. Chombo kitaamka tu dereva akikanyaga kwa pupa, akipinda kona huku akiongeza mafuta, au wakati wa mvua ya kwanza, ambapo vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani hugeuka utelezi.

Kwenye njia panda ya barabara kuu. Hapa ndipo palipo na hatari ya kweli. Gari linatoka kwenye njia ya udongo, tairi zimejaa matope, nalo linataka kuingia katika barabara ya mabasi na malori. Dereva huona nafasi kati ya magari mawili, akakanyaga mafuta mpaka chini. Magurudumu huteleza, kompyuta huondoa nguvu, na gari husita katikati ya barabara huku basi likikaribia. Dereva hukilaumu chombo. Lakini bila chombo hicho magurudumu yangezunguka bure, mkia ungeyumba, na gari lisingetoka upesi vilevile. Kosa lilikuwa katika kupima nafasi: dereva aliipima kwa mshiko wa lami kavu, hali alisimama kwenye matope. Kwa kweli, baadhi ya vidhibiti, hasa vya zamani, hupunguza nguvu kupita kiasi na kuzirudisha kwa kuchelewa. Dawa ni kungoja nafasi kubwa zaidi, kukanyaga taratibu mpaka tairi za kusukuma zifike kwenye lami, na ndipo kuongeza mafuta. Mguu wa taratibu hulitoa gari mapema kuliko mguu wa hasira.

Kwenye mlima wa udongo. Mlima unaopanda mita 10 katika kila mita 100 hudai karibu kilo 200 za msukumo kwa gari la kilo 2,000, kabla gari halijaongeza mwendo wowote. Ikiwa matope yanakubali kilo 200 tu, hakuna kinachobaki. Gari halitapanda, kiwepo chombo au kisiwepo. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne litapanda, kwa sababu uzito wake wote umegeuka kuwa wa kusukuma, nalo hupata kilo 400 badala ya 200.

5. Wakati ambapo yafaa kukizima

Watengenezaji hawakuweka swichi ya kukizima bila sababu. Kwenye matope mazito au mchanga mwingi, gurudumu huhitaji kuzunguka kwa kasi kiasi fulani ili litupe matope yaliyojaa katika meno ya tairi, na gari huhitaji kwenda bila kusimama. Kompyuta haijui hayo. Ikiona utelezi huondoa nguvu, na gari hufa katikati ya dimbwi. Vilevile gari lililokwama, ambalo dereva analisukasuka mbele na nyuma ili litoke, laweza kuzuiwa na chombo hicho. Katika hali hizo dereva akizime, apite, kisha akiwashe tena mara afikapo mahali pagumu.

Katika magari mengi swichi ikibonyezwa mara moja huzima kidhibiti utelezi tu, lakini ikishikiliwa kwa sekunde chache huzima pia ule mtambo wa kulinda uthabiti. Dereva hana budi kusoma kitabu cha gari lake, au kusomewa, ili ajue anachokizima. Tena afahamu maana ya taa. Ikimulika na kuacha wakati gari linateleza, chombo kinafanya kazi yake. Ikiwaka mfululizo, ama chombo kimezimwa, ama kina hitilafu. Na gari likihangaika kwa muda mrefu kwenye utelezi, breki huweza kupata moto, na kompyuta ikaacha kuzitumia kwa muda mpaka zipoe.

Yapasa pia kujua mipaka ya chombo hiki. Hakiongezi mshiko ambao ardhi haina. Hakifupishi masafa ya kusimama. Hakimwokoi dereva anayeingia kona kwa mwendo uliozidi, wala hakichukui nafasi ya tairi zenye meno mazuri.

6. Wajibu wa Kamati

Waya usikatwe. Vihisi vinavyotumiwa na kidhibiti utelezi ndivyo hivyohivyo vinavyotumiwa na breki za ABS. Fundi akikata waya wa kihisi ili gari liwe na nguvu, huondoa pamoja nao ule msaada wa breki ambao dereva atauhitaji siku mtoto atakapovuka barabara ghafula. Hayo ni malipo makubwa kwa faida ambayo swichi ingeitoa bila gharama yoyote.

Tairi ziwe za namna moja. Tairi za vipimo mbalimbali, au mbili mpya na mbili zilizokwisha, huzunguka kwa kasi zisizolingana, na kompyuta huweza kudhani kwamba gari linateleza hali haliteleziki. Mara nyingi gari linalosemwa kuwa limepungua nguvu hata kwenye lami kavu huwa na ugonjwa huu, au lina kihisi kilichojaa matope, au waya uliokatika kwa jiwe.

Mzigo upangwe vizuri. Gari dogo la mizigo likiwa tupu huwa na uzito mkubwa mbele, ambako ni kwa injini. Magurudumu ya nyuma hubaki mepesi, na ndiyo maana hukwama likienda kuchukua maziwa kuliko likirudi nayo. Mitungi ikipakiwa, ile iliyojaa ikae juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, nayo ifungwe. Ikirundikwa mwisho kabisa wa bodi, huyainua magurudumu ya mbele, na usukani hupoteza mshiko. Wala isidhaniwe kwamba kupakia kupita kiasi ni dawa, kwani kila kilo inayoongezwa huhitaji kusukumwa na kusimamishwa pia.

Dereva apewe nafasi ya kujifunza. Kabla ya masika, apelekwe mahali pa wazi pasipo na watu, ajaribu kuondoka kwenye udongo uliolowa kwa mguu mzito na kwa mguu mwepesi, chombo kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa. Mpokeaji maziwa aandike ni kwa sekunde ngapi gari hupita mita 50 kila mara. Saa moja ya majaribio hayo itamaliza ubishi wa mikutano mitatu.

Mwisho, Kamati iitazame njia yenyewe. Ikiwa gari hukwama kila mara kwenye mlima uleule wa mita 60, tatizo haliko ndani ya boneti. Changarawe iliyomwagwa na kushindiliwa, pamoja na mtaro wa kuondolea maji, huweza kutoa mshiko zaidi ya maradufu ya ule wa matope. Kazi hiyo wanachama waweza kuifanya kwa mikono yao kabla ya mvua, nayo italifaa gari la Chama, baiskeli za wanachama na punda wao pia.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Gari la Chama lina uzito gani likiwa tupu, na gani likiwa limejaa mitungi? Husukumwa na magurudumu yapi?

2. Kwa nini gurudumu moja likiwa kwenye matope huweza kulizuia gari zima, na breki husaidiaje kuondoa kizuizi hicho?

3. Ni mahali gani katika njia za Chama ambapo dereva angefaa kukizima kidhibiti utelezi? Akiwashe tena wapi?

4. Katika njia panda ya kuingia barabara kuu, dereva wa Chama hupimaje nafasi wakati wa mvua? Nani humharakisha, na kwa nini?

5. Kamati ilinganishe gharama ya tairi zilizoliwa na maziwa yaliyokataliwa masika iliyopita na gharama ya kutengeneza mahali pabovu panapojulikana na wote. Ni lipi lingefanywa kwanza?